Ukitaka Kuwasaidia Wanyama, Anzia Uani

Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya mia moja, wakiwemo twiga wanne, walipakiwa ndegeni pale uwanja wa ndege wa KIA wakasafirishwa hadi Qatar kinyume cha sheria. Kesi ya tukio hilo ilisikilizwa Moshi, na hadi leo mtu akisema twiga alipanda ndege, hakuna anayehitaji kuelezwa zaidi. Aibu ile iliwauma wengi, na walikuwa na haki ya kuumia. Lakini ndugu msomaji wa Chekereni, wa Mabogini, Oria au Kahe, mambo yanayowaumiza wanyama wa mkoa wetu siku hadi siku hayapiti uwanja wa ndege. Yanapita uani kwako, kando ya mfereji wa skimu, na kwenye barabara ya vumbi ambako punda anavuta magunia ya mpunga. Nawaandikia ninyi mnaosema mngependa kuwasaidia wanyama ila hamna uwezo. Uwezo mnao, hata wa shilingi elfu tano kwa mwezi. Kinachotakiwa ni kujua pa kuupeleka.

Ushauri ulio mzito kuliko yote nautanguliza: fedha yako ya kwanza na jasho lako la kwanza viende kwenye chanjo ya mbwa. Najua hautamsisimua mtu aliyekuwa akifikiria tembo na faru. Hata hivyo tazama kilichotokea Mkomazi, katika mkoa wetu huu huu, upande wa Same. Pale walikuwa wakitunzwa mbwa mwitu ili kizazi chao kiongezeke na warudishwe porini. Kati ya Desemba 2000 na Februari 2001 ugonjwa wa distempa uliingia. Mbwa mwitu walikuwa 52, walikufa 49. Miaka michache kabla, mwaka 1994, distempa hiyo hiyo iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, yaani karibu simba elfu moja, na macho ya watafiti yakageukia mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Tangu hapo mbwa wa vijiji vya kandokando ya Serengeti wamekuwa wakichanjwa kwa wingi dhidi ya distempa na kichaa cha mbwa. Watu walioanza kazi ile walielewa jambo ambalo sisi wa tambarare ya Kilimanjaro tunapaswa kulielewa pia: mbwa anayelala chini ya ghala lako usiku, alfajiri yuko msituni Rau akifuata harufu ya mizoga, akikutana na wanyama wa porini. Ukimkinga yeye, umewakinga na wale usiowaona.

Umemkinga na mtoto wako vilevile. Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kufika 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na sehemu kubwa yao ni watoto. Dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Ndiyo maana wataalamu wa afya ya binadamu na wa mifugo wamejiwekea lengo la pamoja kwamba ifikapo 2030 asiwepo mtu anayekufa kwa ugonjwa huu unaoletwa na mbwa. Njia ya kufika huko inajulikana, wala haina siri: mbwa saba katika kila kumi wachanjwe, kila mwaka, kijiji kwa kijiji. Idadi ikishuka chini ya hapo, ugonjwa hupata mwanya.

Kwa hiyo chanjo ikitangazwa na ofisi ya mifugo ya kata, kazi ya mfadhili mdogo inaanzia hapo. Utafiti uliofanyika Tanzania umeonyesha tena na tena kwamba mbwa wengi wanaozurura wana wenyewe. Wenye mbwa hawaji kwa sababu nyepesi sana. Kituo kiko mbali. Mbwa hajawahi kufungwa kamba, na mama mwenye nyumba anaogopa kumburuta. Tangazo lilisomwa kanisani, na wao wanaswali msikitini. Watoto ndio wanaojua kumshika mbwa wa nyumbani, na chanjo imepangwa saa za shule. Watoto wa mbwa huachwa nyumbani kwa kudhaniwa ni wadogo mno, halafu hao hao ndio wanaobaki bila kinga mwaka mzima. Kila sababu hapa inaondoleka kwa fedha kidogo au kwa mdomo tu. Nunua kamba za katani, zigawe nyumba kwa nyumba siku mbili kabla. Lipia mafuta ya pikipiki ili bwana mifugo afike na kitongoji cha mwisho, kule ambako mfereji unaishia. Mwombe mwenyekiti chanjo ifanyike Jumamosi. Mwambie imamu, mwambie na katekista. Paka nao wabebwe kwenye kikapu chenye kifuniko.

Barafu imekuwa kisingizio cha miaka mingi: umeme umekatika, friji haipo, chanjo itaharibika. Hapa kuna habari njema iliyotoka kwetu wenyewe. Watafiti waliofanya kazi Tanzania walipima aina moja ya chanjo ya kichaa cha mbwa inayotumika sana, wakakuta inabaki na nguvu hata baada ya kukaa miezi mitatu katika joto la nyuzi 30, na wamejaribu kuihifadhi vijijini katika vyombo vya udongo vinavyopozwa kwa maji, kama mtungi wa bibi. Simwambii mtu akanunue chanjo na kuiweka mvunguni. Uamuzi huo ni wa daktari wa mifugo. Nasema tu kwamba kijiji kisicho na friji hakijapoteza nafasi yake, na mtu anayetaka kuchangia chombo cha kudumu anaweza kumuuliza ofisa mifugo wa halmashauri juu ya jambo hili.

Siwezi kuliacha suala la sumu. Mbwa akimng'ata mtu, kuna kijiji kitakachokaa kikao na kuamua nyama itiwe sumu, itupwe njiani usiku. Napinga hilo kwa moyo wangu wote. Sumu haichagui. Humuua mbwa aliyechanjwa jana kwa gharama ya watu, humuua paka aliyekuwa akilinda ghala dhidi ya panya, na kesho yake kunguru, mwewe na tai wanaokula mizoga ile nao huanguka. Nafasi ya mbwa waliokufa hujazwa upesi na watoto wa mbwa wasio na kinga, na kijiji kinarudi pabaya zaidi ya kilipokuwa. Ukiwa na sauti kwenye mkutano wa kijiji, itumie siku hiyo. Omba fedha ya sumu igeuzwe kuwa ya chanjo, na kwa mbwa wa jirani wanaozaa mara mbili kwa mwaka, ya kuhasi madume na kufunga kizazi majike. Upasuaji huo ufanywe na daktari aliyesajiliwa, kwa ganzi. Kumhasi mbwa kwa wembe na kamba ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 iliwekwa ili mambo ya namna hiyo yakome.

Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima. Asipakwe mafuta ya taa, wala pilipili, wala dawa ya mti. Mbwa, akiwezekana kufungwa salama, afungwe na aangaliwe siku 10 badala ya kuuawa papo hapo. Katika familia nyingi dozi za chanjo baada ya kung'atwa hulipiwa mfukoni, na wengine huiacha njiani kwa kukosa nauli. Kumlipia mtoto wa jirani nauli ya dozi zilizobaki ni mchango mkubwa kwa wanyama pia, kwa sababu mtoto akifa, hasira ya kijiji huwaangukia mbwa wote.

Sasa punda. Katika skimu yetu, tangu mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulipokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, mpunga umekuwa riziki ya Chekereni, na sehemu kubwa ya mzigo wa riziki hiyo imepita mgongoni na kifuani kwa punda: magunia kutoka majaruba hadi mashineni, maji, matofali, majani ya ng'ombe. Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana kupiga marufuku kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi, biashara iliyokuwa ikiwamaliza ili ngozi zao zichemshwe kuwa dawa huko China. Uamuzi ule ulimwokoa punda na kisu. Haukumwokoa na kidonda cha bega.

Kidonda hicho kina chanzo kinachofahamika. Nira ya ng'ombe hukaa mbele ya nundu, na ng'ombe husukuma kwa nundu. Punda hana nundu. Ukimfunga nira ile ile, mti unasaga mfupa wa shingo na kuuchubua mpaka nyama inaonekana. Punda anatakiwa avute kwa kifua, kwa mkanda mpana unaopita mbele yake, laini upande wa ndani, na kiti kidogo mgongoni kinachoubeba uzito wa mti wa mkokoteni bila kugusa uti wa mgongo. Fundi viatu yeyote anaweza kuushona mkanda huo kwa turubai nene na kitambaa cha pamba kilichojazwa. Kamba ya nailoni na waya wa tairi visimguse kabisa. Ningekuwa na fedha ya kusaidia punda wa kijiji kimoja, ningemlipa fundi mmoja ashone mikanda, nikamwomba kila mwenye punda achangie nusu ya bei, maana kilichopatikana bure kabisa huachwa juani kikaoza. Huko Arusha shirika la ASPA limefanya kazi na wenye punda kwa miaka mingi, na wataalamu wa namna hiyo ndio wa kuulizwa vipimo kabla ya kukata kitambaa.

Pia kuna msaada usiotaka hata senti. Wewe mwenye mzigo ndiye mwenye neno. Ukikodi mkokoteni, kataa magunia yasirundikwe mpaka magurudumu yanalia. Ukiona punda ana kidonda kibichi, mwambie kijana kwa upole, "Mdogo wangu, huyu leo apumzike, nitamsubiri mwingine." Akipoteza mzigo mara mbili kwa sababu ya kidonda, atakitibu. Mkichukua msimamo huo pamoja, wakulima kumi wa mfereji mmoja, mtakuwa mmefanya zaidi ya mabango yote.

Kwa mkulima wa mpunga hakuna ndege anayechukiwa kama kwelea kwelea, na sitamlaumu mtu aliyeamia ndege tangu alfajiri mpaka magharibi halafu akaona bado shamba limebaki makapi. Makundi yakizidi, serikali hunyunyizia dawa jioni mahali yanapolala, na dawa ambayo imekuwa ikitumika, fenthioni, ni sumu kali isiyoishia kwa kwelea tu. Hapo wapenda wanyama wana kazi mahsusi. Ulizeni mapema siku na mahali pa kunyunyizia. Mbwa na paka wafungwe, kuku wasitoke, watoto wasiokote kwelea waliokufa hata mmoja, na asiwepo wa kuwauza kama kitoweo. Mizoga iliyoanguka karibu na makazi iokotwe kwa koleo na glavu na kufukiwa kwa kina, kwa maelekezo ya wataalamu, kabla bundi na mwewe hawajaila. Bundi, ambaye baadhi yetu bado tunampiga mawe kwa kumwona mkosi, ndiye anayetupunguzia panya kwenye majaruba bila kudai mshahara.

Nimefika kwa wanyamapori wenyewe kwa kuchelewa, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Ukimwokota komba mchanga, mtoto wa mbega au wa swala, usimfuge. Kwanza tazama kwa mbali: mtoto wa swala hujificha kwa saa nyingi akimsubiri mama yake, na anayedhaniwa yatima mara nyingi si yatima. Akiwa amejeruhiwa kweli, mweke kwenye boksi lenye giza na matundu ya hewa, usimpe maziwa ya ng'ombe, na umjulishe ofisa wanyamapori wa halmashauri au mamlaka ya wanyamapori, TAWA. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukaa na mnyama wa porini bila kibali, hata akiwa na huruma kiasi gani. Tuna bahati mkoani kwetu: upande wa Machame, katika shamba la Makoa, kipo kituo cha Kilimanjaro Animal CREW kinachopokea wanyamapori waliojeruhiwa au waliopoteza mama zao, na wanaoweza hurudishwa porini. Kazi ya namna hiyo inakula maziwa, dawa na usingizi wa watu. Ni mahali pa kupeleka mchango wa kudumu. Usiende kwa nia ya kupiga picha na mnyama mchanga. Kadiri anavyozoea binadamu, ndivyo anavyopungukiwa na nafasi ya kurudi alikotoka.

Kwa tembo nitasema machache. Wakubwa wa hifadhi na wafadhili wa nje wanawatazama zaidi kuliko wanavyomtazama punda. Ila mkulima anayelala macho kulinda mahindi ndiye rafiki au adui wa tembo, kutegemea kama amepata msaada. Upande wa Magharibi ya Kilimanjaro, katika eneo la hifadhi ya jamii la Enduimet, shirika la Honeyguide limewapa walinzi wa mashamba tochi kali, honi na pilipili za kuwafukuzia tembo bila mkuki. Ukitaka kuchangia tembo, tafuta kazi ya aina hiyo, inayoanzia shambani kwa mtu.

Na kabla ya kutuma fedha popote, uliza. Shirika lolote la kweli lina cheti chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, au usajili mwingine unaoeleweka, na ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri anaweza kukusaidia kuuthibitisha. Namba ya kulipia iwe na jina la shirika, isiwe la mtu binafsi. Omba taarifa ya mwaka uliopita: mbwa wangapi walichanjwa, wapi, kwa fedha ngapi, na nani daktari wao. Anayekasirika kwa maswali haya, achana naye bila kelele. Kuwa mwangalifu zaidi na video za simu. Zile za chatu akimkaba mbwa mchanga, halafu ghafla anatokea mtu wa kumwokoa, zimechunguzwa na mashirika ya wanyama duniani, na nyingi zimebainika kupangwa. Mnyama anateswa ili ukiguswa utume fedha. Kila unapoisambaza video ya namna hiyo unamlipa mtesaji.

Usidharau kutoa vitu. Chekereni ina mali ambayo mjini wananunua. Chenga za mchele zikipikwa na dagaa ni chakula cha mbwa wanaotunzwa vituoni. Pumba ni chakula cha punda aliyekonda akipewa kwa kiasi, na maganda makavu ya mpunga yasiyo na ukungu hufaa kutandikwa bandani. Magunia yaliyotumika, mashuka na mataulo ya zamani, magazeti, vyote vinahitajika. Piga simu kituoni kwanza uulize wanachopungukiwa, kisha mkusanye wakulima kadhaa, mjaze pikapu moja baada ya mavuno. Kama nyumba yako inahitaji mlinzi, nenda pale Usa River kwa Mbwa wa Africa uulize kama wapo wanaotafuta makao, kabla hujanunua mtoto wa mbwa sokoni aliyeachishwa ziwa mapema. Atakuja amechanjwa.

Nafasi kubwa ya mwaka ni Desemba. Ndugu zetu wanarudi Moshi kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi, hata Ulaya na Marekani. Ukoo unakutana kihambani, mbuzi anachinjwa, michango ya barabara na kanisa inapangwa. Hapo panastahili kuongezwa mstari mmoja. Usiwaombe wachangie "wanyama" kwa ujumla. Kila mtu ataitikia na hakuna atakayetoa. Waambie: kitongoji chetu kina mbwa kadhaa, tumewahesabu, chanjo ya mwaka ujao inahitaji mafuta, kamba na posho ya bwana mifugo kwa siku mbili, gharama yake hii hapa. Mtu wa ughaibuni aliyezoea kumlipia paka wake daktari kule aliko atalielewa ombi hilo haraka kuliko yeyote. Mchagueni mweka hazina ambaye si mwenye kutangaza mchango. Fungueni daftari, kila aliyetoa aandikwe na kila risiti ibandikwe. Siku ya chanjo ikipita, andikeni mbwa waliokuja na nyumba ambazo hazikuja, ili mwaka unaofuata mjue pa kuanzia. Nakala moja ya hesabu apewe mtendaji wa kijiji, nyingine ibandikwe ofisini pamoja na ratiba ya zamu za maji, mahali ambapo kila mkulima wa skimu lazima apite kusoma.